Metali kwa Watu Wenye Hisi Kali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kadhaa nimekaa nyuma ya mixa kwenye shoo ndogo za roki na metali hapa Nairobi. Na mimi huyohuyo sivumilii kijiko kikikwangua sufuria. Watu wakigundua hilo huja na maswali, na kwa kuwa huwa ni yaleyale, nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake. Mimi ni fundi wa sauti, si daktari. Panapohitaji daktari nimesema hivyo waziwazi.

## Mambo ya msingi

1. Hisi kali ni kitu gani? Ni ugonjwa?

Ni hali ya ubongo kupokea sauti, mwanga, mguso, harufu au ladha kwa uzito kuliko kawaida. Mvumo wa friji ambao wengine wameshausahau, kwako uko palepale mbele, unagombania nafasi na maneno ya mtu unayeongea naye.

Si ugonjwa mmoja wenye jina moja. Huonekana sana kwa watu wenye usonji, na tangu 2013 mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, DSM-5, umeitaja miongoni mwa dalili za usonji. Lakini wapo pia wenye ADHD (shida ya kutulia na kukaza umakini), wenye kipandauso, waliowahi kuumia kichwa, wenye wasiwasi uliopitiliza, na wengine wengi ambao hakuna daktari aliyewahi kuwaandikia chochote. Kuna pia upande wa pili, wa hisi zilizolala, nao umejibiwa kwenye swali la 21.

2. Kuumizwa na sauti na kukerwa na sauti si kitu kilekile?

Hapana, na ukichanganya viwili hivi majibu mengi hapa chini hayatakufaa. Kuna mtu ambaye sauti za kawaida kabisa, sahani zikigongana au mtoto akicheka, humfikia kama kubwa mno, hata zikamuuma. Hali hiyo kitaalamu huitwa haiparakusisi. Kuna mwingine ambaye ukubwa wa sauti si hoja: mtu akitafuna chapati polepole kando yake, au akivuta kamasi, hasira humpanda kutoka tumboni. Hiyo ni misofonia. Wa kwanza anaweza kuumizwa na metali ikiwa juu. Wa pili mara nyingi huitumia metali kumfunika yule anayetafuna.

Wengi wetu tuko katikati, tunaazima kidogo huku na kidogo kule.

3. Metali ni muziki kweli, au ni kelele zilizopewa jina?

Ni muziki, na una shina linalojulikana. Wengi huanzia Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda, ambako Black Sabbath walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine kwenye kiwanda cha mabati. Ili nyuzi zisimuumize alizilegeza, na zilipolegea sauti ikashuka, ikawa nzito. Sehemu ya uzito tunaoujua leo ilitoka kwenye vidole vya mtu aliyekuwa akikwepa maumivu, jambo ninalolipenda kulikumbuka kila ninapoambiwa kwamba muziki huu haumfai mtu anayeumizwa na vitu.

4. Inakuwaje mtu anayeziba masikio honi ya matatu ikilia, alale na metali masikioni?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote.

Fikiria mvua kubwa juu ya paa la mabati. Ukipima desibeli, yaani ukubwa wa sauti, ni kelele ya kutosha kuzuia mazungumzo. Lakini ni nani aliyewahi kulalamika kwamba mvua ya mabati ilimkosesha usingizi? Sasa fikiria bomba linalovuja usiku, tone moja, kimya, kimya, tone jingine. Tone halina hata sehemu ya mia ya nguvu ya ile mvua, na ndilo litakalokutoa kitandani. Mvua imejaa na haina mianya. Tone linakulazimisha kulisubiri.

Wimbo mwingi wa metali uko upande wa mvua. Ukishaanza, sauti hukaa mahali pamoja, na ubongo unajua kinachofuata. Ukishausikia mara tatu unajua hata pale utakaponyamaza. Honi ya matatu inatoka popote, wakati wowote, na hukuombwa ruhusa. Watu wengi wenye hisi kali, wakiulizwa vizuri, hawasemi kwamba tatizo ni ukubwa wa sauti. Wanasema tatizo ni sauti isiyotabirika, na isiyo na mahali pa kuizimia.

Na hapo kuna jambo la kidole. Sauti niliyoiwasha mwenyewe, kwa kiwango nilichochagua, ninayoweza kuikata muda huuhuu, haiumi sawa na ileile ikitoka kwa jirani. Nimeshuhudia mtu akitoka nje ya ukumbi amejikunyata kwa wimbo ambao nyumbani anausikiliza kila siku. Wimbo haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kitufe hakikuwa mkononi mwake.

Mwisho, metali hufunika. Ikijaa masikioni, hakuna nafasi tena ya viti vya plastiki vinavyoburuzwa, blenda ya nyumba ya pili, wala mbwa. Unabadilisha kelele ishirini zisizojulikana kwa moja unayoijua. Hatari ya kufunika hivyo iko kwenye swali la 14, na tafadhali usiliruke.

5. Basi kila mwenye usonji atapenda metali?

La. Wapo wanaoipenda, wapo inaowaliza, na wapo wanaotaka wimbo mmoja tu katika maisha yao yote, ambao huenda ni taarabu.

## Ndani ya sauti yenyewe

6. Gitaa la metali limefanywa nini hata likanguruma vile?

Limesukumwa kwenye amplifaya kupita uwezo wake. Wimbi la sauti likigonga dari, vilele vyake hukatwa. Mambo mawili hutokea. Kwanza, sauti mpya nyingi huzaliwa juu ya ile ya asili, ndiyo ile mikwaruzo. Pili, tofauti kati ya pigo kubwa na dogo hupungua, hivyo uzi uliopigwa kwa nguvu na ule ulioguswa tu hutoka karibu sawa.

Jambo la pili ndilo linalowafaa wengi wetu. Gitaa safi lisilo na umeme lina vilele vikali kila uzi unapopigwa, halafu sauti hufa. Gitaa la metali husimama kama ukuta. Mikwaruzo inaweza kukukera, lakini ukuta haukushtui.

Kama ni mikwaruzo inayokuuma, jaribu hivi kabla ya kuukataa muziki wote: fungua ikwalaiza kwenye simu yako (sehemu ya kupandisha na kushusha sauti nyembamba na nzito), ushushe eneo la kati ya hezi 2,000 na 5,000, yaani mitetemo kwa sekunde. Hapo ndipo sikio la binadamu lina ukali wake wa juu, na hapo ndipo gitaa, matoazi na mayowe hukutana. Shusha kidogo tu. Nimewaona watu wakishusha pumzi papo hapo.

7. Gitaa sina shida nalo, ila yale mayowe yananitetemesha. Kwa nini?

Kwa sababu mayowe yametengenezwa kukutetemesha. Mwaka 2015 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha New York walichunguza ni nini kinachoyatofautisha mayowe na usemi wa kawaida. Walichokikuta ni ukwaru: nguvu ya sauti hupanda na kushuka haraka mno, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Usemi wa kawaida hupanda na kushuka mara chache tu kwa sekunde. Ving'ora vya hatari vina ukwaru huohuo, na ukwaru huamsha amigdala, ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu.

Kwa hiyo usijilaumu. Ubongo wako unasikia mtu yuko hatarini.

Mashabiki wengi husimulia kwamba baada ya muda king'ora hicho huacha kulia kwao, na sauti ya mwimbaji hugeuka kuwa ala kama ala nyingine. Huwa inasaidia kujua kwamba mwimbaji mzuri hajikwaruzi koo: sauti ya kunguruma hutoka kwa kutetemesha mikunjo iliyo juu ya nyuzi halisi za sauti, na ni ufundi wa kujifunza. Lakini kama hilo halikusaidii, huna deni kwa mtu. Kuna bendi nyingi za metali zisizo na mwimbaji kabisa, na kuna zenye waimbaji wanaoimba kwa sauti ya kawaida. Anzia huko.

8. Zile ngoma zinazopigwa kama cherehani, hazichoshi?

Inashangaza, lakini mara nyingi ngoma za haraka zaidi huchosha kidogo kuliko za wastani. Zikivuka mapigo 200 kwa dakika, na mikono na miguu ikipokezana, sikio huacha kuhesabu. Linasikia kitambaa kimoja badala ya nyuzi. Tumerudi kwenye mvua ya mabati ya swali la 4.

Kinachochosha ni kukatakata: pigo, kimya, mlipuko, kimya kirefu zaidi, mlipuko. Muziki unaopenda hila hiyo, hasa grindkori, ndio ninaowatahadharisha wenye hisi kali. Hapa kwetu mfano ni Duma, kundi la watu wawili kutoka Nairobi ambalo albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Ukisikia jina usimfikirie yule mnyama wa mbugani, ni neno la Kikuyu, nalo ni giza.) Nawaheshimu sana, na ninajivunia kwamba ulimwengu umewasikia. Lakini ni muziki wa kukushtua kwa makusudi, wenye mitambo ya kielektroniki inayobadilika bila kukuaga. Usianze nao.

9. Besi naihisi kifuani, na inanituliza. Nina kasoro?

Huna. Sauti nzito ikiwa na nguvu ya kutosha huacha kuwa ya masikio pekee; huingia kwenye mbavu, tumbo na nyayo. Watu wengi wenye usonji hutulizwa na mgandamizo mzito mwilini. Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani mwenye usonji, alijitengenezea mashine ya kumbana akiwa bado kijana, miaka ya 1960, kwa sababu kukumbatiwa na watu kulimzidi ila kubanwa kulimtuliza. Wapo wanaopata kitu kinachofanana na hicho mbele ya spika kubwa ya besi.

Tena sikio la ndani halisikii tu, ndilo linalotupa mizani ya mwili. Sauti nzito ikiwa kubwa sana huweza kuigusa sehemu hiyo ya mizani, na wapo wanaoipenda hisia yake kama mtoto anavyopenda bembea. Ikikupa kizunguzungu badala ya raha, nenda swali la 23.

10. Nataka kujaribu. Nianze na metali ipi?

Nitakupa maoni yangu, na wenzangu watanitukana.

Anza na dumu, ile ya polepole na nzito inayofuata nyayo za Black Sabbath. Mabadiliko yake unayaona yakija kutoka mbali kama lori kwenye barabara ya tambarare. Vale of Amonition wa Kampala wako kwenye ukoo huo, kwa anayetaka kuanzia karibu na nyumbani. Kama dumu bado ina mambo mengi kwako, kuna ndugu yake ambaye hana hata ngoma: Sunn O))) wa Marekani hushika kodi moja, noti chache zinazolia pamoja, mpaka usahau ilianza lini. Kwa wengine ni mateso. Kwangu ni blanketi.

Kama akili yako inapenda mafumbo, waendee Meshuggah wa Uswidi. Miguu ya mpiga ngoma hufuata hesabu isiyo ya kawaida huku toazi likihesabu nne palepale juu. Mwanzoni unapotea, ukishaliona lile toazi, kila kitu kinakaa mahali pake, na raha ya kukiona kikikaa haina mfano.

Thrashi, nayo, ni ya kasi na imebana, ila ina makali ya juu. Blaki metali ina mayowe membamba na matoazi yasiyokoma, na mara nyingi hurekodiwa kwa ukwaru wa makusudi, iache mwisho.

Angalia pia jinsi albamu ilivyorekodiwa, si aina yake tu. Kuanzia miaka ya 1990 studio nyingi zilibana sauti ili kila kitu kiwe juu muda wote. Mfano unaotajwa sana ni *Death Magnetic* ya Metallica, ya 2008, iliyobanwa mpaka mashabiki wakalalamika, na wengine wakagundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa na pumzi zaidi. Kama albamu inakuchosha baada ya dakika kumi bila sababu unayoiona, huenda si muziki, ni huo mbano.

## Hasira, watoto na maneno ya watu

11. Metali haimfanyi mtu kuwa na hasira?

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachukua mashabiki 39 wa muziki mkali wenye umri wa miaka 18 hadi 34. Wakawakumbusha mambo yaliyowaudhi maishani mpaka wakakasirika kweli. Nusu wakakaa kimya dakika kumi, nusu wakasikiliza nyimbo zao kwa dakika hizohizo. Hasira ilishuka kwa makundi yote mawili. Tofauti ni kwamba mapigo ya moyo ya wasikilizaji yalibaki juu wakati muziki ukiendelea, ilhali ya waliokaa kimya yalishuka; na wasikilizaji ndio waliosema baadaye kwamba wana ari.

Zingatia neno mashabiki. Utafiti huu hauhusu mtu aliyewekewa muziki asioutaka. Ukimfungia ndani mtu mwenye hisi kali na muziki unaomuumiza, atakasirika, na atakuwa na haki.

12. Mwanangu ana usonji, na anasikiliza wimbo mmoja wa metali mara arobaini kwa siku. Nimzuie?

Mama, au baba, kabla ya kumzuia mwangalie. Anapousikiliza mwili wake unalegea au unakaza? Akitoka hapo anaweza kula, kuongea, kuendelea na siku? Kama ndiyo, wimbo huo ni mahali pake pa kupumzikia, na kurudia ndiyo siri yenyewe (swali la 4). Sisi wazima tunarudia sala, tasbihi na kahawa ya saa kumi.

Chunga vitu viwili tu. Kiwango cha sauti, kwa sababu kwa watoto Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani usizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki. Weka kikomo kwenye simu yenyewe. Na kama wimbo umeanza kuwa ngome asiyoweza kutoka, yaani analia au kujiumiza ukizimwa, tafuta msaada wa mtaalamu wa tiba kazi, wale wanaojua kumjengea mtoto utaratibu wa hisi zake. Tanzania wanafundishwa kwenye hospitali ya KCMC mjini Moshi, na Kenya wanafundishwa KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, kwa hiyo wapo kwenye hospitali nyingi za rufaa hata kama hakuna aliyekuambia uwaulize.

13. Nyumbani wanasema ni muziki wa shetani. Niwaambieje?

Hiyo si kazi ya fundi wa sauti. Nitakachosema ni kwamba mafuvu kwenye jalada ni jambo moja na kinachoingia sikioni ni jingine, na kwamba zipo bendi za metali zinazoimba injili tupu. Mama yangu alipoona ninalala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu utotoni, alipunguza maswali. Hedifoni zilisaidia pia.

## Masikio

14. Kama inanituliza, si maana yake masikio yangu yako salama?

Hapana, na hapa ndipo wenye hisi kali hujidanganya. Nywele ndogo za sikio la ndani hazijui unaupenda wimbo au unauchukia. Zikifa hazioti tena.

Hesabu inayotumiwa na taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ni hii: desibeli 85 kwa saa 8, kisha kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda kwa nusu. Ukifika 94 una saa moja. Ukifika 100, dakika 15. Shoo ya metali katika ukumbi mdogo hufika 100 na kupita kwa urahisi. Kwa hedifoni, Shirika la Afya Duniani hutaja desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kwa mtu mzima. Simu nyingi siku hizi hukuonyesha ulipo.

Ukitumia muziki kufunika kelele za nje, utapandisha sauti kila kelele inapopanda, na ndani ya matatu yenye spika chini ya kiti utajikuta umeshindana nayo. Dawa ni kuzuia kwanza, ndipo ufunike: hedifoni zinazobana sikio vizuri au zenye kuzuia kelele, halafu muziki chini.

15. Pamba au tishu zinatosha?

Hazitoshi. Hupunguza kidogo mno. Nunua vizibo vya sponji kwenye duka la dawa: visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu, ingiza, shikilia mpaka vivimbe. Vitakuzimia sauti za juu kuliko za chini, kwa hiyo muziki utasikika kama uko chumba cha pili. Vipo pia vya wanamuziki vinavyopunguza sauti zote karibu sawasawa. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini kwa mtu wa hisi kali naona vinafaa kuliko tiketi.

16. Kwa nini nisivivae siku nzima?

Kwa sababu sikio likizoea ukimya, ubongo huongeza usikivu wake wa ndani, na ukivitoa dunia inakuwa kali kuliko jana. Wenye haiparakusisi hufika mahali hawawezi kuvivua hata sebuleni. Vaa palipo na kelele ya kweli. Nyumbani, vua.

17. Baada ya shoo masikio yanalia nzii. Ni kawaida?

Ni jambo linalotokea sana, lakini ni alama kwamba ulizidisha. Mara nyingi mlio huo huisha baada ya siku moja au mbili. Usipoisha, au ukiwa wa sikio moja tu, soma swali la 22.

## Kwenye shoo

18. Nataka kwenda shoo, ila naogopa. Nijipange vipi?

Fika mapema, ukumbi ukiwa bado mtupu, ili ujue mlango, choo na mahali pa kutokea. Kaeni karibu na fundi wa sauti: yeye huyapanga mambo kwa masikio yake mwenyewe, hivyo hapo sauti huwa na mizani kuliko kwingine kokote. Usisimame mbele ya spika, wala kwenye kona, ambako besi hujikusanya. Baa nyingi za Nairobi tunazopigia zina dari ya chini na kuta tupu za saruji, na toazi likishafyatuka humo hurudi kwako mara tatu. Nje ya wazi ni rahisi zaidi.

Mambo yatakayokushtua zaidi si nyimbo. Ni ukaguzi wa sauti, ngoma moja ikipigwa bila mpangilio kwa dakika ishirini; ni maiki ikipiga filimbi; ni mtu akichomoa waya wa gitaa kabla hatujazima. Hilo la mwisho hutunyanyua hata sisi. Vaa vizibo kabla hata hakujaanza, si baada ya kuumia.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100, vizibo vipatikane, na kuwe na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio. Mimi bado sijapiga kazi kwenye ukumbi wenye hiyo sehemu tulivu. Watu wetu hutumia ngazi za nje, karibu na muuza smoki. Omba. Waandaaji wa shoo ndogo husikia wakiombwa, kwa kuwa mashabiki wenyewe ni wachache na wanafahamiana.

19. Na taa zinazomulika na kuzima?

Kwa mwenye kifafa, uliza kabla ya kununua tiketi. Karibu watu 3 kati ya kila 100 wenye kifafa huweza kushikwa kwa sababu ya mwanga unaopepesa, hasa ukipepesa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde. Ukikutwa nao, kufumba macho hakutoshi kwani mwanga hupita kwenye kope. Ziba jicho moja kwa kiganja chote na ugeukie pembeni.

Kwa asiye na kifafa lakini mwanga humchosha, kofia yenye ukingo inasaidia kuliko miwani ya jua.

20. Lile duara la kusukumana, na kutikisa kichwa, vinanifaa?

Duara ni mguso usiotabirika kutoka kwa watu wasiojulikana wenye jasho, kwa hiyo wenye hisi kali wengi hulikimbia. Lakini wapo wanaolitafuta kwa sababu zilezile za swali la 9. Simama hatua tano nyuma utazame kwanza. Ukianguka utainuliwa, hiyo ni sheria isiyoandikwa, na sijaiona ikivunjwa.

Kuhusu kichwa: mwaka 2008 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha hesabu za watafiti wa Australia. Wimbo wa kutikisia kichwa una wastani wa mapigo 146 kwa dakika, na kwa kasi hiyo kichwa kikizunguka zaidi ya digrii 75 mtu anaweza kupata maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Kwa hiyo tikisa kidogo, au kila pigo la pili.

## Visa vya pembeni

21. Mimi sisikii raha mpaka nipandishe sauti mwisho. Nina hisi kali au sina?

Huenda hisi zako zimelala, na zinaomba nguvu zaidi ili ziamke. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili: mguso humzidi, sauti humpungukia. Wewe ndiye ninayekuhofia kuliko wote, kwa kuwa maumivu hayatakuonya. Tafuta besi kwa njia nyingine. Keti juu ya sakafu ya mbao karibu na spika, shikilia puto au chupa tupu ya plastiki uhisi mtetemo viganjani, kama wanavyofanya wasikilizaji wengi viziwi. Desibeli zibaki chini.

22. Nilikuwa naipenda metali. Sasa kila sauti inaniumiza. Kulikoni?

Rudi nyuma uangalie kilichotangulia. Uliangukia kichwa, mathalani kwenye ajali ya bodaboda? Mtikisiko wa ubongo huacha mtu akiumizwa na sauti na mwanga kwa wiki kadhaa. Ulitibiwa malaria kali kwa kwinini? Dawa hiyo inajulikana kuleta mlio masikioni na kupunguza usikivu kwa muda. Unaumwa kichwa upande mmoja na kutaka giza? Hicho huenda ni kipandauso, na wenye kipandauso huwa na hisi kali hata siku wasizoumwa.

Lakini kama sikio moja limepoteza usikivu ghafla, usiku mmoja au ndani ya siku mbili tatu, hiyo ni dharura. Nenda hospitali leo, uombe daktari wa masikio. Tiba ikichelewa wiki kadhaa, nafasi ya sikio kurudi hupungua sana. Usijitibu kwa mafuta ya moto.

23. Sauti kubwa hunipa kizunguzungu, na chumba huzunguka.

Usiuite wasiwasi mpaka upimwe. Kuna watu ambao mfupa unaofunika mfereji mmoja wa mizani sikioni una tundu, na sauti kubwa huingilia hapo. Wengine husikia hata macho yao yakisogea au nyayo zao zikigonga ndani ya kichwa. Hali hii ilielezwa kitaalamu mwaka 1998 na huonekana kwa picha ya CT. Mwambie daktari maneno haya mawili pamoja: sauti, kizunguzungu. Wengi hutaja la pili tu.

24. Mume wangu anapenda metali, mimi inaniumiza. Tunaishi chumba kimoja.

Dada, hili halihitaji mshindi. Hedifoni ziwe zile zilizozibwa kwa nyuma, si zile za wazi zinazovujisha matoazi, kwa kuwa mtu wa hisi kali husikia ule mchakacho kuliko muziki wenyewe. Akitaka spika, apange saa na akuambie kabla, kwa sababu nusu ya maumivu ni kutojua inaanza lini. Spika isiegemee ukuta wala kitanda. Weka sponji au godoro la zamani chini yake. Na akubali kupunguza zile hezi za swali la 6.

Kama yeye ndiye mwenye hisi kali na metali ndiyo dawa yake, basi mkae chini mzungumze kabla hamjafika kwenye kelele. Nimejua nyumba moja ambako mke alifuma kitambaa chekundu, mume akikitundika mlangoni maana yake siku imemzidi, anahitaji dakika thelathini. Mke hutoka kwenda kwa jirani. Akirudi chai huwa tayari, na aliyeipika ni mume.